Watu wa Kunimalizia Maneno

Wiki ile niliyokuwa najiandaa kwenda kuoa Salale, kijiji cha huko kwenye delta ya Rufiji, ukoo wetu mzima ulikuwa na shughuli moja tu: ulimi wangu. Wapishi walishapatikana, boti ilishakodiwa, kanzu yangu ilikuwa imepigwa pasi na kutundikwa nyuma ya mlango. Kilichobaki ni mimi kutamka maneno machache mbele ya shekhe na baba mkwe, na hapo ndipo kila mtu alipogeuka mganga.

Nina kigugumizi. Sisemi kile cha kurudia "mi-mi-mi" mara mbili tatu halafu mambo yakaendelea. Changu kikiamua, mdomo unabaki wazi, jicho la kushoto linafumba lenyewe, na neno linakwama kooni kama mwiba wa samaki. Neno lenyewe nalijua. Ukinipa kalamu nakuandikia. Halitoki tu.

Sasa ndoa yetu haina pa kujificha. Bwana harusi unakaa chini, baba wa binti anakushika mkono, anasema, "Nimekuozesha binti yangu fulani kwa mahari tuliyokubaliana." Nawe unatakiwa ujibu hapo hapo, kwa sauti, kwamba umekubali kumuoa fulani kwa mahari hayo. Kutikisa kichwa hakutoshi. Kwetu watu wanakaza sana: jibu lifuate neno, pasipite kimya kirefu katikati. Na huyo fulani wangu jina lake linaanza kwa M, herufi ambayo tangu utoto mimi nayo hatujawahi kuelewana.

Nilichokitaka kilikuwa kidogo sana. Nilitaka kujibu mwenyewe. Maisha yangu yote nimeishi kwa maneno niliyomaliziwa na wengine, nikaona hili moja liwe langu, hata likitoka limevunjika vunjika. Mtu angedhani nimeomba shamba la mtu.

Mwanzo wa dawa kwetu ni kugombana juu ya chanzo. Bibi yangu mzaa baba anasema nilipata kigugumizi kwa sababu mama alikuwa akinitekenya nyayo nikiwa mchanga. Mama anasema si kweli, walioniharibu ni wao wa upande wa baba, walioninyoa nywele kwa wembe kabla sijatamka neno la kwanza. Jirani yetu mmoja anasema nilimwiga mwenye kigugumizi, kikanihamia. Ukimuuliza nilimwiga nani, anakohoa na kuulizia habari za ufuta.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ana chanzo chake na hataki kusikia kingine. Anasema ni kivuko. Sisi asili yetu ni vilima vya Umatumbi, ingawa tumekaa Mtunda muda wote ninaoukumbuka, na zamani kabla ya daraja, ukitaka kwenda kuwaona wazee ulikuwa unavuka Rufiji kwa kivuko pale Ndundu. Mama alinibeba mgongoni, kivuko kikapiga honi, nikashtuka, na kwa mujibu wa shangazi maneno yangu yakabaki ng'ambo. Nimemuuliza mara nyingi: nilikuwa sijaanza kusema hata "baba", hayo maneno yaliyobaki ng'ambo yalitoka wapi? Anajibu kwamba ndiyo maana mimi ni mbishi, kwa sababu ya ule mshtuko.

Na kwa kuwa kilichotia hofu ndicho kinachoitoa, nilipokuwa mtoto alinipeleka Ndundu nishtuliwe upya. Bahati mbaya kivuko kilikuwa kimeshaondolewa, daraja limeshajengwa. Shangazi hakukata tamaa. Alinisimamisha chini ya daraja, malori yakinguruma juu yetu, akaniamuru nitaje jina langu kwa sauti kila lori linapopita. Wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyavu zao wakasimamisha kazi kutazama. Jina halikutoka. Nilirudi nyumbani na mafua.

Hayo ya daraja nayahesabu kuwa mepesi. Nimenyweshwa maji ya mvua yaliyolala kwenye gamba la konokono. Nimepigwa mdomoni kwa mwiko wa moto. Nimesoma kwa sauti huku nimejaza kokoto mdomoni, nikameza moja. Mzee mmoja alinipanua kinywa, akatazama, akasema tatizo ni kimeo, akakikata kwa kisu chake kile kile alichowakatia watoto wengine asubuhi ile. Nilitapika damu, nikalala siku nzima na kanga ya mama usoni. Nilipoamka kigugumizi kilikuwa pale pale, ila sasa koo nalo lilikuwa linauma. Hilo hadi leo nikilikumbuka napandwa na hasira, na sioni sababu ya kuishusha.

Kilichowachanganya zaidi ni madrasa. Kwenye Kurani sikwami. Nikisoma kwa mahadhi, maneno yanateremka kama mpunga unaomiminwa kutoka kwenye gunia. Badala ya kufurahi, watu wakaanza kuninung'unikia. Mwalimu wa shule ya msingi alisema mbele ya darasa, "Kumbe kuongea anajua! Anajifanya huyu." Nilichapwa kwa kosa la kusoma vizuri mahali pengine.

Lakini dawa na viboko vinaisha. Kisichoisha ni kumaliziwa. Pale Kibiti mjini, karibu na barabara kuu, kuna duka la mzee mmoja wa Kihindi, mtu mwema, amezaliwa hapo hapo na baba yake aliuza kwenye kaunta hiyo hiyo. Nilitumwa sukari. Nikasimama mbele yake, nikaanza, "S-s-s..."

"Sabuni!" akasema, akiwa ameshaufunga mche kwenye gazeti. "Msalimie mama, eh?"

Kumrekebisha kungetaka nianze upya na ile S. Nikaubeba mche wangu wa sabuni. Nyumbani chai ilikuwa imeshachemka. Siku hiyo tulikunywa chai isiyo na sukari, lakini nguo zetu zilitakata.

Na ukubwani ni hivyo hivyo. Nina kibanda cha kutengeneza simu hapo hapo Kibiti, na wateja wangu wote wananimalizia: bei, siku ya kuja kuchukua, hata ugonjwa wa simu yao wenyewe. Nikianza kusema, "Kio-kio-kio," mtu anasema, "Kioo kimekufa, nimeelewa, badilisha," wakati mimi nilitaka kusema kioo kizima. Nao wanafanya kwa wema, ndiyo maana inaudhi zaidi. Kwetu ukimuona mtu anakuja na mzigo kichwani, humwachi asimame nao akikuamkia. Unamtua kwanza, salamu baadaye. Neno wanaliona ni mzigo kama mizigo mingine. Wanakupokonya kabla hujafika, wanaliweka wanapotaka wao, halafu wanasubiri uwashukuru.

Siku chache kabla ya harusi shangazi alinivuta hadi kituo cha afya. Alikuwa amesikia kuna sindano ya kulegeza ulimi.

"Daktari, mchome tu," alisema kabla sijakaa. "Ana ndoa Ijumaa."

Daktari alikuwa kijana, pengine mdogo kwangu. Aliniuliza mimi kigugumizi kilianza lini. Shangazi akajibu. Akaniuliza kama kuna maneno yanayonisumbua kuliko mengine. Shangazi akajibu, akayataja, na alikosea. Mwisho daktari akamwambia, "Mama, samahani, naomba nimsikie yeye." Kisha akanitazama usoni na kungoja. Nilichukua muda mrefu kumweleza, na muda wote huo shangazi alikuwa akifumbata mkoba wake kana kwamba kuna mtu anataka kuupora.

"Ulimi wake hauna kasoro," daktari alisema. "Mtu akizungumza, ubongo ndio unaopanga pumzi, sauti na mdomo viende pamoja. Kwa wengine mpango huo unakatika katika. Kwa nini hasa, wataalamu bado hawajamaliza kulijua. Hofu haileti kigugumizi, inakichochea tu. Na mara nyingi kinatembea kwenye ukoo. Kwenu kuna mwingine?"

"Hakuna," shangazi alijibu, upesi mno.

Akanifundisha nisipigane na neno. Nianze taratibu, nivute ile sauti ya kwanza, nipumue. Likikwama niliache likwame, kisha niendelee. Akasema nisizikimbie herufi, kwa sababu ukizikimbia zinaongezeka. Akaniambia wazi kuwa kufika Ijumaa hakitakuwa kimeondoka, pengine hakitaondoka kabisa, lakini naweza kuishi nacho bila kukiogopa. Na aliye mbele yangu asinimalizie. Hapo alimtazama shangazi.

Tulipotoka nje shangazi alifunga ushungi wake vizuri. "Wamesoma miaka yote hiyo, halafu wanasema hawajui," alisema. "Sisi hatukusoma na tunajua. Ni kivuko."

Nikamfuata nyuma. Nilikuwa nafikiria lile "hakuna" lake, kwa sababu kwetu yupo. Baba yangu ana mdogo wake, baba mdogo wangu, anayelima mihogo na korosho kule kule Mtunda. Kijiji kizima kinamsifu kuwa ni mpole, mtu wa haya. Ukimsalimia anainua mkono. Ukimuuliza jambo anasema "ehe" au anaguna. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni mpole kweli, mpaka siku moja nilipomkuta shambani akimfukuza ngedere aliyekuwa anafukua mihogo, akijaribu kumtukana. Nikamsikia. Kilikuwa kigugumizi changu mimi, na jicho la kushoto likifumba vile vile. Aliponiona akanyamaza, akaokota jembe lake.

Yeye alioa kwa wakili. Dini inaruhusu, bwana harusi anaweza kumweka mtu akubali kwa niaba yake, na baba mdogo alimweka kaka yake, yaani baba yangu. Siku hiyo hakuna aliyesumbuka. Lakini watani wa kwetu hawana huruma wala hawasahau. Hadi leo mkewe, mama mdogo wangu, akimkatalia jambo lolote, mtu atadakia, "Mwache, yeye ameolewa na mdomo wa shemeji yake!" Watu wanacheka. Baba mdogo naye hucheka, kisha huondoka.

Basi jioni ile shangazi aliitisha kikao uani kwetu, mikeka ikatandikwa. Uamuzi alikuwa nao tayari: na mimi niweke wakili. "Tusiende kuaibika ugenini," alisema. "Watu wa Salale watasema tumewaletea bubu."

Nikaanza, "Mi-mi-mi..."

"Hataki, tunajua hataki," shangazi akasema. "Lakini atataka."

Baba alitazama mkeka. Ndipo baba mdogo, aliyekuwa amekaa pembeni karibu na kinu, akainua mkono na kufungua mdomo. Nikaona midomo inaanza kutetemeka, jicho linafumba. Nikaona ana jambo. Shangazi akampigapiga gotini kwa upole, kama anavyombembeleza mtoto.

"Tumekuelewa, mdogo wangu, usijisumbue. Mnaona? Hata yeye anasema wakili."

Baba mdogo akatikisa kichwa kukataa. Hakuna aliyekuwa akimtazama tena ila mimi. Alishusha mkono, akaanza kuchokonoa ukindu wa mkeka. Nilitaka kupiga kelele, na kelele ndiyo kitu ambacho sikuwa nacho.

Rafiki yangu wa bodaboda alikuja na suluhisho la kisasa. "Oya kaka, usipaniki," aliniambia kibandani. "Wewe si fundi simu? Jirekodi ukiwa mwenyewe, Ijumaa tunaiachia kwenye spika. Au imba kabisa, piga kisingeli, si unatiririka ukiimba?" Nilimfukuza, kisha nikafunga mlango nikajirekodi. Nikiwa peke yangu sikwami, hilo nalo ni la kukasirisha. Maneno yalitoka yote, na jina lake, M na kila kitu, safi kama la mtangazaji wa redio. Nikaisikiliza sauti ile mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Rafiki yangu aliporudi akampigia shekhe wa Salale kuuliza kama ndoa ya kurekodi inaswihi. Nilimsikia shekhe akicheka kule ng'ambo. "Simu haioi, kijana. Mwambie aje na mdomo wake."

Mchumba wangu nilimweleza habari ya wakili kwa ujumbe wa maandishi, maana kupiga simu ni adhabu kwangu. Yeye nilimpata kwa sababu ya simu iliyozama. Alikuja Kibiti kuuza kamba wa baba yake, akaleta simu imejaa maji ya chumvi, nami nikajitahidi kumweleza kwamba haifai tena. Nikakwama. Nikangoja anidakie. Hakunidakia. Alivuta kigoda akakaa. "Maliza tu," alisema. "Boti yetu haiondoki mpaka maji yajae." Nilimaliza. Simu haikupona, lakini alirudi tena mara nyingi kuiulizia.

Jibu lake juu ya wakili lilikuja limejaa hasira: "Kumbe wanataka kukuwekea mtu. Jina langu sitaki litajwe na baba yako. Likikwama, kaa nalo hata mpaka adhana ya alasiri, mimi nitasubiri. Lakini ukimpa mtu mwingine anikubali, basi huyo mtu aje anichukue."

Ijumaa asubuhi tukaenda Nyamisati, tukapanda boti. Shangazi aliniletea konokono wa mwisho, nikanywa ili anyamaze. Tuliingia kwenye mito ya delta, mikoko huku na huku, na kabla ya nusu ya safari maji yakapwa, boti ikakaa juu ya tope. Nahodha akazima mashine na kujifunika kofia usoni. Shangazi akamwamuru asukume. Akamwamuru apite mto mwingine. Nahodha akasema, "Mama, maji hayaamrishwi." Ndugu zangu wakatulia, wamevaa nguo zao nzuri, wakitazama kaa wakitembea kwenye mizizi ya mikoko. Ilikuwa mara ya kwanza kuwaona wakingoja kitu bila kukimalizia wenyewe. Nilifurahi sana, na sikuona aibu.

Maji yaliporudi boti ikanyanyuka, tukafika Salale swala ya Ijumaa ikiwa tayari, tukaswali, watu wakabaki kwa ajili ya ndoa. Msikiti ulijaa. Shekhe akawasha kipaza sauti ili wanawake waliokuwa nyumbani kwa bibi harusi, ng'ambo ya uwanja, wasikie. Kwa hiyo mchumba wangu alikuwa anasikia. Shangazi alikuwa anasikia. Kijiji chote kilikuwa kinasikia. Shekhe akaniuliza kama nina wakili, nikatikisa kichwa kukataa. Baba mkwe akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa kigumu kwa nyavu na kilikuwa kimelowa jasho kama changu.

"Nimekuozesha binti yangu," alisema, akamtaja, "kwa mahari tuliyokubaliana."

"N-n-n-n..."

"Nimekubali!" mtu mmoja akasema nyuma yangu.

"Nimekubali!" wakadakia wengine, na kwa kuwa watu msikitini wamezoea kuitikia pamoja, safu nzima ikafuata, na safu ya nyuma yake, kama wanaitikia "amin". Wageni na wenyeji, wazee kwa vijana. Shekhe akainua macho.

"Jamani, nimeozesha nani?" aliuliza. "Msikiti mzima umemuoa binti mmoja?"

Watu wakaangua kicheko. Baba mkwe alicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na hasira, hasira ya sukari na kimeo na kivuko, na zaidi ya yote nilijua huko nyumbani kwao kuna mtu amekaa na hina mikononi anasikia wanaume wa Salale wakimkubali safu kwa safu. Shekhe akasema turudie. Baba mkwe akarudia.

Nikapumua. Nikavuta ile sauti ya kwanza kama nilivyofundishwa. "Nnnnimekubali kumuoa..." Ikatoka! Kisha ikaja M. Mdomo ukafunga, jicho likafumba, koo likakaza. Upande wa kulia mtu akanong'ona jina lake. Upande wa kushoto wakanong'ona wawili. Baba yangu mwenyewe, jasho likimtoka usoni, akainama akaniambia jina la mke wangu sikioni, kana kwamba nimelisahau. Mzee mmoja akasema, "Shekhe, kimya kimekuwa kirefu. Wakili yupo, baba yake huyu hapa." Watu wakaanza kuafiki. Nikaona neno langu linaondoka, nikaona linabebwa kama yale mengine yote.

Ndipo mtu akasimama katika safu ya pili. Nilikijua kivuli chake kabla sijageuka.

"Mw... mw... mw..."

Msikiti ukageuka. Ndugu zangu waliduwaa. Wengi wao walikuwa hawajawahi kumsikia akianza neno mbele za watu. Labda ndiyo maana hakuna aliyemdakia. Baba mdogo alishika ukosi wa kanzu yake kwa mkono mmoja, jicho limefumba, mshipa wa shingo umesimama, na kipaza sauti kilikuwa kinamchukua.

"Mwa-mwa-mwacheni," alisema. "A-a-a-a..." Tukangoja. "Amalize."

Akakaa. Yule mzee akaanza tena habari ya kimya. Shekhe akainua kiganja. "Anayehangaika na jibu hajanyamaza," alisema. "Tunangoja."

Wakangoja. Sijui ilichukua muda gani na sitaki kujua. Feni ilikuwa inazunguka. Mtoto mmoja alikohoa, akazibwa mdomo. Baba mkwe hakunikaza mkono wala hakuulegeza. Nililivuta lile neno la M mpaka nikahisi linaning'inia kwenye meno, likakwama, nikaliacha likwame, nikapumua, nikalirudia, na jina la mke wangu likatoka vipande vipande, cha mwisho kikiwa na sauti kubwa kupita kiasi. "Kwa mahari hayo" yakafuata yenyewe bila tabu yoyote, nikashangaa.

Shekhe akaanza dua. Kutoka ng'ambo ya uwanja vigelegele vikaja, na niliambiwa baadaye kwamba kule nako wanawake walikuwa wameanza kumtajia mke wangu jina lake mwenyewe, akawaambia wanyamaze.

Shangazi alinipokea kwenye pilau. "Umeona?" alisema, akinijazia sahani. "Nilikwambia yule konokono wa leo ni mzuri."

Alasiri tukapanda boti kurudi, mimi na mke wangu na ndugu zangu wote na masanduku. Maji yalikuwa bado hayajajaa vya kutosha, kwa hiyo tulikaa tu pale gatini, tumebanana. Mama mdogo, mke wa baba mdogo, alikuwa amekaa kando ya mumewe. Ghafla akamgeukia mumewe.

"Kumbe unaweza," alisema.

Baba mdogo akatazama maji.

"Miaka yote mie nachekwa. Nikienda kisimani nachekwa, nikienda harusini nachekwa, eti nimeolewa na mdomo wa shemeji. Nawe unacheka nao. Leo umemsemea mtoto wa kaka yako mbele ya watu wasiokujua. Haya, na mie nataka langu. Sema hapa hapa, na wote wasikie."

Baba yangu akakohoa na kuanza kufunga vizuri kamba ya sanduku lililokuwa limefungwa vizuri. Baba mdogo alitazama kila mahali isipokuwa usoni kwa mkewe. Kisha akamtazama.

"Ni... ni... ni..."

Shangazi akafungua mdomo. Mke wangu, mgeni kwetu hata siku hajamaliza, akamwekea mkono begani. "Shangazi, mwache," alisema. "Maji bado."

Shangazi akaufumba. Alijiziba kabisa kwa pembe ya ushungi, akabaki anatutazama kwa macho tu. Baba mdogo akaendelea kuhangaika, kifua kikipanda na kushuka, na boti nzima ikakaa kimya, hata nahodha, aliyekuwa ameshashika kamba ya kuwashia mashine.

"Ni-ni-nimekubali," baba mdogo alisema. Kisha akalitaja jina la mkewe, lote, nalo likachukua muda wake.

"Kawia ufike," mama mdogo akajibu. Aligeuza uso upande wa mikoko, akajifuta kwa kanga. Nahodha akauliza kama sasa anaruhusiwa kuwasha mashine.